Tairi Lililogeuzwa Mara Mbili

Tairi halisemi uongo. Binadamu wanasema, mafundi wanasema zaidi, na wauza pikipiki ndio usiseme. Lakini tairi likipita kwenye udongo mbichi linaandika hali yake hapohapo, na anayejua kusoma anasoma. Mama Upepo alijua kusoma. Ndiyo maana Jumapili ile, saa sita mchana, aliinama kwenye tope lililokuwa chini ya jabali, akatazama alama zilizoachwa na pikipiki ya bintiye, kisha akazitazama tena.

Kwanza umjue mwanamke mwenyewe. Alikuwa fundi wa matairi kwa miaka ishirini na sita. Jina la Mama Upepo alipewa na madereva wa malori kwa sababu ya kuwajazia upepo, na pia, walisema wenyewe wakicheka, kwa sababu akikasirika hakuna paa linalobaki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati: beseni la maji la kutafutia matundu, benchi lililochimbika katikati, na vyuma vya kubandulia tairi vimetundikwa ukutani, mfupi mpaka mrefu. Bintiye alikulia humo. Alipokuwa mchanga alilazwa ndani ya tairi la trekta lililotandikwa blanketi, na madereva wenye ndevu zao waliingia kwa kunyata, wakinong'ona, "Niwekee upepo, mama." Kulikuwa na sifa moja aliyoilinda kama mboni ya jicho: hajawahi kurudishiwa kazi. Tairi alilofunga yeye halirudi. Akisikia fundi fulani kakosea, alibenua midomo na kusema, "Fundi wa kukosea aende akauze nyanya." Wauza nyanya wamsamehe, maana nao wana ufundi wao.

Binti sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za kazi alipima mbao kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Jumapili alipanda mawe kwa pikipiki. Ukiuona mchezo huo mara ya kwanza utadhani watu wamerukwa na akili. Pikipiki haina kiti, mpandaji anasimama muda wote. Anapita taratibu kati ya kamba mbili, juu ya mawe na magogo na matope, mahali ambapo hata kwa miguu ungetafuta njia nyingine. Hakuna mbio. Ukigusa chini kwa mguu, unapata alama moja mbaya. Ukianguka, ukisimama, au mtu akiishika pikipiki yako, unapata tano. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Wenzake walimwita Mbuzi, na yeye alilipenda jina hilo. Mama yake hakulipenda hata kidogo, maana mwaka uliopita mbuzi huyo alianguka kutoka kwenye jabali lilelile na kuvunjika mtulinga.

Sasa turudi kwenye tope. Meno ya tairi la nyuma husukuma ardhi upande mmoja tu, siku zote. Kwa hiyo ukingo mmoja wa kila jino unaliwa na kuwa butu, na ukingo wa pili unabaki mkali kama ulivyotoka kiwandani. Fundi mjuzi halitupi tairi la namna hiyo. Analitoa, analipindua, upande wa kulia unakuwa wa kushoto, kisha analifunga tena, na ule ukingo mkali ndio unaopambana na jiwe. Hiyo ndiyo inaitwa kugeuza tairi. Mshale uliochorwa ubavuni, unaoonyesha tairi lizunguke kwenda wapi, baada ya hapo unatazama nyuma. Asiyejua atakwambia umekosea. Anayejua ananyamaza na kupanda mlima.

Alhamisi Mama Upepo alikuwa amegeuza tairi la nyuma la bintiye. Angalau ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyomwambia. Lakini alama alizoziona kwenye tope hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa zimepakwa, laini, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye uji. Ukingo butu ulikuwa mbele.

Aliinuka, akatembea mpaka mahali pikipiki ilipoegeshwa, karibu na gari dogo la mizigo la kaka yake. Alijifanya anafuta tope ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba. Mshale ulitokeza. Ulikuwa unatazama mbele, umetulia, hauna habari.

Hapo Alhamisi nzima ikamrudia. Alilaza gurudumu juu ya benchi, sproketi, ile duara ya meno inayoshika cheni, ikiwa juu. Akalitoa tairi, akalipindua, akaliegemeza ukutani vizuri kabisa. Ndipo binti alipoingia, kofia ya kazi bado kichwani, akasema, "Mama, nimejiandikisha. Kundi la wakubwa. Lile la jabali."  Mama Upepo aliiinua rimu akaifuta vumbi, akaifuta tena mahali palipokuwa safi tayari, kisha akailaza benchini. Safari hii sproketi ilikuwa chini. Alikuwa ameipindua na yenyewe bila kujua. Akalivalisha tairi. Na kitu kikigeuzwa mara mbili, hata mtoto wa chekechea atakwambia, kimerudi kilipokuwa.

Miaka ishirini na sita.

Mizunguko ya mashindano ilikuwa mitatu, kila mmoja na vituo sita, na jabali lilikuwa kituo cha mwisho. Mzunguko wa kwanza binti alipata alama kumi na nne, yeye ambaye wiki iliyopita mazoezini alikuwa akipata tatu. Kwenye jabali tairi lilizunguka bure miguuni mwa mwamba, akaanguka kabla hajapanda hata futi moja. Mzunguko wa pili hakujaribu. Alifika, akalitazama jiwe, akamwambia refa amwandikie tano zake, akaondoka. Sasa ilikuwa mapumziko ya nusu saa, na binti amekaa juu ya tangi la maji lililopinduliwa, kofia ngumu mapajani, anatazama viatu vyake.

"Mama, mimi basi," alisema.

"Basi nini?"

"Basi yote. Mzunguko wa tatu siendi. Na pikipiki naiuza, Mjomba anitafutie mtu."

Mjomba, kaka yake Mama Upepo, mtu mpole mwenye tumbo la heshima, aliacha kutafuna. "Tusiongee tukiwa na njaa," alisema.

"Sina njaa, Mjomba. Nina woga. Nikifika kwenye jiwe nafungua mafuta, halafu nasikia gurudumu linateleza. Tairi kali, mama kaligeuza kwa mkono wake. Basi anayeteleza ni nani kama si mimi? Mwili unajizuia wenyewe. Tangu nivunjike, kumbe sijapona. Najidanganya tu mbele za watu."

Alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kama mtu anayetoa taarifa.

Mama Upepo alisimama akiwa ameshika kitambaa chenye tope. Mwaka mzima alikuwa akiomba kitu kimoja tu: mtoto huyu aachane na mawe. Aliomba asubuhi akifungua bati la karakana, aliomba jioni akilifunga. Na sasa maombi yake yamekaa mbele yake juu ya tangi, yanasema pikipiki iuzwe. Hakutakiwa kufanya kitu chochote. Hakutakiwa kudanganya wala kushawishi. Alitakiwa kunyamaza tu, na mtulinga huo usingevunjika tena, wala shingo, wala mgongo. Tena sifa yake ingebaki vilevile, haijapata doa.

Kunyamaza ni rahisi namna hiyo. Ukinyamaza unaonekana una busara.

 Kilichomsumbua kilikuwa jambo la zamani sana, la mwaka wake wa kwanza kazini. Yule bwana aliyemfundisha kazi alimpa chuma kifupi cha kubandulia, akamwambia atoe tairi la lori. Alivuta mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Tairi halikutikisika. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa, na bwana yule alimwangalia kwa huruma na kusema kazi hii ina wenyewe, binti yangu, mikono yako ni ya vitu vyepesi. Aliamini. Miezi minane aliamini kwamba mikono yake ni mibovu, mpaka dereva mmoja aliyechoka kusubiri alipomtolea chuma kirefu kutoka garini kwake, na tairi likabanduka kama ganda la chungwa. Bwana yule alikuwa na vyuma virefu vitatu nyuma ya mlango. Alikuwa anajua siku zote. Baadaye alijitetea kwamba alitaka kumwepusha na kazi ngumu, alimwonea huruma.

Mama Upepo hajamsamehe huruma hiyo mpaka leo.

"Si mwili wako," alisema.

Binti aliinua uso. "Nini?"

"Si mwili wako, na si woga. Ni mkono wangu. Tairi halijageuzwa."

Mjomba alishusha chakula chake juu ya boneti. Binti alimtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa maji hayalowanishi. Akainuka, akapiga magoti nyuma ya pikipiki, akautafuta mshale.

"Unatazama mbele," alisema.

"Ulitakiwa utazame nyuma. Nilipindua tairi, halafu nikapindua na rimu. Nimekusukumia ukingo butu kwenye mawe mizunguko miwili. Nimeona sasa hivi, kwenye tope."

 Upande wa pili injini ya mtu ilikohoa ikazimika.

"Mama, nikuulize," binti alisema polepole, bado amepiga magoti. "Ulikosea, au ulitaka?"

Swali lilimwingia Mama Upepo mbavuni. Angeweza kuapa. Alitamani sana kuapa. "Mkono ndio uliokosea," alisema. "Moyo sijauuliza. Naogopa utajibu."

Binti alisimama. Hasira ilikuwa imemkausha machozi, na kusema kweli ilimpendeza kuliko yale machozi. "Mjomba, zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Geuza," alimwambia mama yake. 

Dakika ishirini na mbili karakanani ni nyingi. Juu ya nyasi zilizolowa, bila benchi, bila mashine, ni kufa na kupona. Mjomba aliegemeza pikipiki kwenye kreti, Mama Upepo akafungua nati, akatoa cheni, akachomoa gurudumu. Safari hii kabla ya kitu chochote alichukua chaki, akachora msalaba mkubwa kwenye tairi, upande wa sproketi. Aliutazama msalaba huo, akauambia kwa sauti, "Wewe unahamia kule." Watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka kumtazama fundi anayeongea na tairi.

Alitoa upepo, akapanda juu ya tairi kwa magoti mpaka mdomo wake ukaachia rimu. Sabuni. Vyuma viwili, kimoja mkononi, kimoja chini ya goti. Tairi lilitoka upande wa kwanza, likagoma upande wa pili, likatoka. Rimu haikuinuliwa. Mjomba aliamriwa aikalie kama kuku anayeatamia. Tairi likapinduliwa, msalaba ukaenda chini, likavalishwa, na zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Hapo ndipo upepo ulipokataa. Tairi la nyuma la pikipiki hizi halina mpira wa ndani. Lazima liingiziwe upepo mwingi kwa mkupuo mmoja ili midomo yake iruke na kukaa kwenye rimu. Wao walikuwa na pampu ya mguu. Mjomba alipiga pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na upepo wote ukatoka pembeni ukizomea.

"Kompresa," alisema Mama Upepo.

Kompresa ilikuwa moja tu uwanja mzima, na ilikuwa ya Fundi Kelele. Huyu alikuwa mwenzake wa biashara, barabara ileile, na kwa miaka kumi na tano walikuwa hawajasalimiana bila kuchomana. Jina lake halihitaji maelezo. Alikuwa amesimama katikati ya wapandaji kama kumi, anasimulia jambo.

Mama Upepo alibeba gurudumu begani, akapiga moyo konde, akaenda.

"Lo! Mama Upepo kakosa upepo!" Fundi Kelele alipaza sauti. "Jamani, mwaka huu tutaona mengi. Kuna nini, dada? Pancha?"

"Si pancha. Naomba hewa ya haraka. Nimegeuza tairi."

"Saa hizi? Si uligeuza juzi? Mbuzi mwenyewe ametuambia hapa asubuhi."

Wote walimtazama. Angeweza kusema lolote: valvu mbovu, jiwe limechana. Zilikuwa zimebaki dakika tisa, na uongo nao unahitaji muda wa kuutengeneza. "Juzi nilikosea," alisema. "Nililifunga vibaya. Mtoto kateseka asubuhi nzima kwa sababu yangu."

 Fundi Kelele akacheka, na kile kicheko kilifika mpaka kwenye hema la marefa. "Mama Upepo kakosea! Andikeni tarehe! Nyanya bei gani sokoni?" Lakini wakati mdomo unacheka, mkono wake ulikuwa tayari unavuta bomba. Aliinama mwenyewe, akabana valvu, akafungulia. Tairi lilivimba, likanung'unika, halafu midomo yake ikaruka: pa! Na ya pili: pa!

"Mficha uchi hazai, dada," alisema kwa sauti ya chini, pengine mara ya kwanza maishani mwake. "Nenda, watakufungia njia."

Alipunguza upepo mpaka tairi likabonyea chini ya kidole gumba, kama yanavyotakiwa kuwa matairi ya mawe. Gurudumu lilirudi mahali pake, cheni ikakazwa, na refa alipoita namba ya binti, Mama Upepo alikuwa bado ameshika spana.

Mzunguko wa tatu binti alipita vituo vitano kwa alama mbili. Wenzake waliacha kula wakaanza kumfuata. Kwenye magogo tairi liliuma, kwenye kona ya tope liliuma, na alama lilizoacha nyuma zilikuwa zimekatwa kwa pembe kali. Hakumtazama mama yake hata mara moja. Mama Upepo alifuata nyuma ya watu. Alijisikia mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

Wakafika kwenye jabali. Lilikuwa refu mara mbili ya mtu, limelowa kwa maji yaliyokuwa yakivuja juu, na katikati kulikuwa na kidato kimoja kilichojitokeza kama goti. Pale kwenye kidato ndipo alipoangukia mwaka jana. Kwa usalama, kila mpandaji aliruhusiwa mtu mmoja asimame ubavuni mwa kidato ili amdake akianguka. Lakini mtu huyo akiigusa pikipiki, ni alama tano, kazi yote imeisha. Kwa binti, siku zote, mtu huyo alikuwa Mjomba, na tayari alikuwa ameanza kupanda akihema.

"Mjomba, shuka," binti alisema. "Leo asimame mama."

"Mama yako? Mtoto wangu, hapa panateleza, na mama yako..."

"Asimame mama." Sasa alimtazama. "Kama anataka kunizuia, anizuie kwa mikono, mchana, watu wakiona."

Hakuna kofi ambalo lingeuma zaidi. Mama Upepo alivua kandambili, akapanda peku. Alisimama ubavuni mwa kidato, mgongo kwenye mwamba, viganja wazi mbele ya kifua. 

Refa alipuliza filimbi.

Pikipiki ilikuja. Ilipita tope, ikagonga mguu wa jabali, ikapanda. Tairi la mbele likafika usawa wa uso wake, likafika juu ya kidato. Tairi la nyuma likagonga ukingo wa kidato, likasimama. Likaanza kuzunguka pale pale. Tope lilimpiga machoni na mdomoni. Pua ya pikipiki iliinuka, usukani ukaja upande wake, karibu kiasi cha shubiri moja, na nyuma ya usukani aliuona uso wa mtoto wake, macho yametoka.

Mikono yake iliruka yenyewe. Ilikuwa mikono ya mama, haikumwomba ruhusa. Angedaka, na nani angemlaumu? Alama tano si kaburi.

Lakini masikio yalikuwa ya fundi. Chini ya mngurumo alisikia tairi. Tairi linaloteleza kwa ubutu linalia wembamba, sauti moja isiyobadilika. Hili lilikuwa linakwaruza: kra, kra, kra, jino baada ya jino likitafuta mahali pa kushika. Lilikuwa halijashindwa. Lilikuwa linafanya kazi. Mama Upepo alirudisha mikono yake nyuma, akaibana kati ya mgongo wake na jiwe, akaiegemea kwa uzito wake wote, na akapiga kelele ambayo hata yeye hakujua ina maneno: "Fungua! Usiache! Fungua mafuta!"

Binti akafungua. Jino likashika, la pili likashika, na pikipiki ikapaa juu ya kidato, ikapita karibu na sikio lake, ikatokomea juu ya jabali. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya pikipiki.

Watu walipiga mayowe. Refa alikuja mbio chini ya jabali, akamnyooshea kalamu. "Mama! Mikono yako niliiona. Umeigusa pikipiki?"

"Sikugusa."

"Una hakika? Mimi hapa nilizibwa na tope."

"Huyo angegusa angesema!" Sauti ya Fundi Kelele ilitoka nyuma ya umati, na safari hii hakuna aliyetamani anyamaze. "Leo kasema makubwa kuliko hayo. Andika sifuri, bwana!"

Refa aliandika sifuri.

Binti hakushinda siku hiyo, usije ukadhani. Alama za asubuhi hazifutiki, akamaliza wa tisa kati ya kumi na wanne. Alishuka jabali kwa miguu kupitia njia ya nyuma, akamkuta mama yake amekaa kwenye kidato. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwenye mwamba. Binti alikaa karibu naye, si karibu sana.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua. Usiharakishe."

 Mjomba chini alikuwa akiwaita washuke, mvua inakuja.

"Ila nakuomba kitu kimoja," Mama Upepo alisema, na ilibidi aanze mara mbili, sauti ilikuwa imemkauka kwa zile kelele. "Ile pikipiki usiiuze."

Binti alimgeukia, tope limemkauka usoni, amekunja uso kwa mshangao wa kweli.

"Nani kakwambia nauza?"